Anaongea Vizuri Sana

Hospitali ile ndogo ya mjini Isiolo ilikuwa na wagonjwa tele na wauguzi wa kuhesabika, kwa hiyo Sista Gacheri alimfundisha Isnino kumwangalia Tuye, mke mwenzake. Tuye alikuwa amejifungua kwa upasuaji na kidonda kikaanza kutoa usaha. Kitoto kilipelekwa kwa shangazi yake.

"Sikia, mama. Akipata joto ama atetemeke, niambie. Pumzi ikianza kukimbia ama asikojoe, niambie haraka, hiyo uchafu imeingia kwa damu. Akianza kuongea ovyo, usitembee, kimbia. Hapo ukichelewa, ni kaburi."

Isnino alisikia. Kusikia hakujawahi kuwa shida yake. Joto lilipopanda alisema, Tuye akaongezewa dawa, na sista akamsifu mbele ya wadi nzima.

Adhuhuri Tuye alianza kuhema kama mbuzi aliyekimbizwa. Isnino akavaa kandambili, akafika mlangoni. Ndipo Tuye akasema, macho kwenye dari, "Ngamia wamepanda juu ya paa. Washusheni." Kisha akasema, "Abdikadir anataka yule mgumba arudishwe kwao Oldonyiro."

Isnino akarudi, akaketi. Ya ngamia aliyaacha yapite. La mume wao kumfukuza aliliamini papo hapo, maana ndilo alilokuwa akiliogopa tangu Tuye aolewe.

Sista Gacheri akachungulia, mikono imejaa dripu za wengine. "Anaongea vizuri?"

"Vizuri sana, sista. Leo anasema ukweli mtupu."

Sista akapita. Isnino akajimiminia chai, akatazama madoa ya zambarau yakipanda magotini mwa Tuye. Aliogopa, ndiyo, lakini hasira ilikuwa tamu kuliko woga. Alipoita mwishowe, chai ilikuwa imeisha na presha ya Tuye haikupimika.

"Alianza lini kuongea ovyo?"

"Sasa hivi tu."

Tuye akafa kabla ya alasiri. Abdikadir alikuja macho yamevimba, akamwekea Isnino mikononi mtoto wa kike aliyefungwa leso.

"Mchukue. Tuye alitaka mumlee pamoja, tangu mimba ikiwa changa. Hata jina alichagua mwenyewe. Mimi nilikataa, akalia mpaka nikakubali."

"Jina gani?"

"Isnino," alisema, na mtoto akageuza kichwa kifuani pake akitafuta ziwa.