Lango Lililoonekana Mtandaoni

Wenceslaus alikuwa Mhaya wa Muleba aliyekuja Kigali kwa kazi za kompyuta. Ofisi yake ilikuwa Remera, juu ya duka la simu, na miongoni mwa wateja wake alikuwamo Mukankusi, mama aliyekulia Karagwe kabla ya kurudi Rwanda. Mukankusi alikuwa na nyumba bondeni, chini ya kilima cha Masoro, alimowaficha wanawake waliokimbia waume wenye mkono mwepesi. Nyumba hiyo haikutajwa kwenye simu hata siku moja. Mwanamke akishakubaliwa alipewa neno la siri, akaliandika kwenye tovuti, na tovuti ikamwelekeza njia hadi langoni.

Asubuhi ile Wenceslaus aliondoa PHP ya zamani kwenye seva ya tovuti hiyo, akaweka toleo jipya. PHP ndiyo injini inayosoma maagizo yaliyoandikwa ndani ya ukurasa na kuyatekeleza, mgeni akaona jibu tu, asiyaone maagizo yenyewe. Lakini seva haifanyi hivyo kwa akili yake. Ni lazima iandikiwe katika mipangilio kwamba kurasa za namna hii zipitie kwanza kwenye injini. Toleo la zamani lilipoondoka, liliondoka na agizo hilo. Wenceslaus alifungua ukurasa wa mbele, ambao haukuhitaji injini, akauona mzima, akaenda zake Kiyovu kurekebisha mtandao wa hoteli.

Alikuwa juu ya ngazi Mukankusi alipopiga. Kuna mwanamke yuko kituo cha basi, alisema kwa sauti ya chini. Amefungua ukurasa na kukuta maandishi asiyoyaelewa, hata kabla hajaandika neno la siri. Katikati ya maandishi hayo ameelewa kitu kimoja: jina la mtaa, na kwamba lango ni la kijani.

Wenceslaus alishuka ngazi. Seva ilikuwa inamgawia kila mpita njia ukurasa mbichi, pamoja na siri yake. Akaanza kueleza, Mukankusi akamkatiza.

"Zima kwanza. Mengine utanieleza baadaye."

Aliketi sakafuni kwenye ukumbi wa hoteli na kompyuta mapajani. Kwa haraka alikosea nywila. Alipofanikiwa kuizima tovuti, alifungua mipangilio, akaandika upya agizo la kupeleka kurasa kwenye injini mpya, akalijaribu kwa ukurasa usio na kitu ila tarehe ya leo. Tarehe ikatokea. Kazi yenyewe ilikuwa fupi, na hilo lilimuumiza zaidi.

Kisha akatazama kumbukumbu za seva, nani aliingia. Kulikuwa na mtu mmoja, wa hapa hapa Kigali, aliyeufungua ukurasa ule mara kwa mara tangu asubuhi. Jina halikuwepo. Akamwambia Mukankusi. Mama yule akasema kwamba Cyusa, ambaye mkewe Annah alikuwa amefichwa katika nyumba ile, aliijua tovuti hiyo kitambo, na alikuwa akibahatisha maneno ya siri kila siku.

Wakahamisha watu saa ile ile. Mukankusi aliwapakia wanawake na watoto kwenye gari la rafiki yake, akampitia na yule wa kituo cha basi, akawapeleka kwa masista anaowafahamu. Wenceslaus, aliyekuja pale nyumbani kusaidia, alibaki kukusanya magodoro, kwa kuwa hakuweza kujilazimisha kuondoka.

Alasiri lango liligongwa, taratibu, kama anavyogonga jirani. Alifungua kidogo. Mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri alimsalimia kwa Kinyarwanda, "Mwiriwe," na alipoisikia lafudhi ya mwenyeji wake akahamia Kiswahili.

"Annah iko hapa?"

Wenceslaus alisema nyumba haina mtu, inapakwa rangi.  Mgeni alichungulia juu ya bega lake. Uani, kwenye kamba, ilikuwa imesahauliwa nguo ya mtoto.

Yule mtu akatoa simu, akamwonyesha picha ya maandishi ya ukurasa.

"Mimi sikuiba kitu," alisema. "Mumeandika nyinyi wenyewe."

Hakusukuma lango wala hakupaza sauti. Aliitazama ile nguo tena, akashukuru, akapanda pikipiki iliyokuwa ikimsubiri. Wenceslaus alifunga komeo, akaketi chini mgongo ukiegemea lango.

Mukankusi alikwenda naye polisi, wakaandika maelezo. Baadaye, kwa masista, Wenceslaus aliomba amwambie Annah yeye mwenyewe. Annah alikuwa akimlisha mwanawe uji. Alisikiliza bila kumwangalia, na Wenceslaus alipomaliza kuomba radhi, aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa na hasira?"

"Hapana. Alikuwa mpole."

Annah aliweka kijiko chini.

"Basi anajua atanipata."

Kabla ya wiki kwisha, Mukankusi alimvusha Annah mpaka wa Rusumo pamoja na mtoto, kwenda kwa shangazi wa Mukankusi upande wa Tanzania. Nyumba ya Masoro hawakuirudia. Tovuti bado ipo, lakini siku hizi haina jina la mtaa wala la lango ndani yake, na mwanamke anayekuja hupokewa na mtu. Mukankusi hakumnyang'anya Wenceslaus kazi hiyo. Pikipiki ikisimama chini ya ofisi yake, yeye huacha kuandika, akasubiri mpaka iondoke.