Barua za Ghala

Marehemu alikiita Ghala kile kisanduku cheusi kilichokaa kabatini, chini ya mashuka. Ndani yake mlikuwa na diski mbili za kompyuta, moja nakala ya nyingine, zilizobeba kila kitu cha nyumba ile: picha, vyeti, na sauti yake mwenyewe, hadithi kumi na saba alizojirekodi akiwa hoi kitandani kwa ajili ya mjukuu ambaye hata mimba yake ilikuwa haijatungwa. Mkewe, fundi cherehani, alimwahidi kwamba mtoto akija atazisikia. Yeye mwenyewe hakuthubutu kusikiliza hata moja.

Mwaka mmoja baada ya mazishi, Ghala likaanza kupiga mlio. Mjane akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa mitandao na bingwa wa maneno. Akaja Jumamosi mchana, akaweka kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa, akapekua kidogo, kisha akanyamaza. Shemeji huyu kunyamaza si jambo dogo.

"Diski moja imekufa," akasema. "Na Ghala lilitoa taarifa. Limeandika barua pepe arobaini na moja."

"Limemwandikia nani?"

"Kaka. Si ndiye aliyeweka anwani yake."

Wakatazamana. Barua arobaini na moja kwa mtu aliye kaburini, na nyumbani hakuna aliyejua lolote.

Shemeji akaeleza kwamba diski mpya ataagiza, ila itachukua wiki kadhaa kufika, na mpaka hapo ile iliyobaki ndiyo imebeba mzigo wote peke yake. "Nikunakilie zile sauti kwenye simu?"

"Zikae alipoziweka."

"Ubishi huu, shemeji, ndio uliomzeesha kaka yangu."

"Kaka yako alizeeka kwa kukulea wewe."

Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Basi angalau tahadhari zije kwako," shemeji akasema. "Diski ikianza kuyumba, Ghala litakuandikia, nawe unaniita siku hiyo hiyo." Akaandika anwani ya mjane kwenye nafasi ya mpokeaji. Lakini Ghala haliwezi kutuma barua bila akaunti ya mtu, na akaunti iliyokuwamo ilikuwa ya marehemu, na neno lake la siri lilikuwa bado linafanya kazi. Shemeji hakuona sababu ya kujisumbua kufungua nyingine. Akabonyeza kutuma barua ya majaribio.

Simu ikatetemeka kando ya mkasi. Kwenye kioo likatokea jina la mumewe, na ile picha yake ndogo amevaa kofia. Nywele zikamsimama mjane kuanzia kisogoni.

"Samahani, sikufikiri," shemeji akasema. "Nibadilishe?"

"Usiguse." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Haliwezi kuandika kila siku?"

"Kwa kawaida huandika likipata shida tu. Taarifa ya kila siku ipo, lakini utazichoka."

"Yeye nilimchoka?"

Shemeji akaweka alama ya kila siku.

Tangu hapo, kila alasiri jina likawaka, na mjane hakufungua barua hata moja. Tusimwonee: alijua fika kwamba ni mashine. Lakini barua iliyosomwa imekwisha, na isiyosomwa bado ina neno ndani yake. Akaziacha zijipange, kila moja na jina lake kwa herufi nene. Akishona, akawa anazungumza na kabati: sindano imekatika, mteja wa sketi amenenepa, binti yetu siku zake za kujifungua zimekaribia. Ikafika siku kabati likamjibu. Tak. Kimya. Tak, tak, kama marehemu alivyokuwa akialisha vidole, viungo vikilia, akitafuta la kusema. Mara ya kwanza aliposikia alijichoma sindano kidoleni kwa hofu. Siku ya tatu alihamishia kiti chake karibu na kabati.

Jumanne moja zikaja barua tatu kabla hajanywa chai. Kufika mchana zilikuwa saba.

"Una nini leo wewe?" akaliuliza kabati, uso umemnawiri. Inauma kulisema, lakini aliinuka akajipaka manukato.

Alhamisi Ghala likanyamaza. Hakuna mlio, hakuna barua. Ijumaa binti yake akajifungua salama, na Jumamosi shemeji akaingia na diski mpya kwapani, akiimba, aje kuandaa hadithi za babu. Akafungua kabati na kuinamisha sikio. Wimbo ukamkauka. Akachomoa diski, akaijaribu kwenye kompyuta mara tatu.

"Hii nayo imekwenda," akasema. "Halikukuandikia?"

"Liliandika."

"Lilisema nini?"

Mjane akampa simu. Shemeji akaanza kuzifungua, na kila aliyoigusa, zile herufi nene za jina zikawa nyembamba.

"Nisomee," mjane akasema.

"Shemeji, hakuna haja."

"Nisomee."

"Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi. Diski ya pili inaharibika. Nakili mafaili yako sasa." Akafungua ya pili. "Jumanne, saa moja. Diski ya pili inaharibika. Nakili mafaili yako sasa." Akazisoma zote za siku ile, na zote zilisema hivyo hivyo. Kisha akasema ataipeleka diski kwa mafundi wa kufufua, ila asimpe matumaini ya uongo, imekwaruzika vibaya.

Simu ikaita mkononi mwake, akamrudishia mjane. Alikuwa binti, yuko wodini, na nyuma yake kichanga kinalia.

"Mama, nimemweka mtoto karibu na simu. Mwekee sauti ya babu yake amsikie."

Mjane akakaa chini, kwenye kiti kile kilicho karibu na kabati.

"Babu yake aliniandikia, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye sikusoma."