Mbwa Aliyetangulia Kujua

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu Hasina, Jumamosi ya pili ya mfungo mosi, alipokuja Tongoni kunipa mkono wa Idi na kilo mbili za sukari. Nilikuwa napepeta mchele. Yeye akakaa kwenye kinu kilicholazwa, kama alivyokuwa akikaa utotoni, akaanza kunisimulia habari ya mbwa. Nikamwambia mbwa ana habari gani mpaka anipotezee asubuhi yangu. Akasema nisikilize kwanza. Nikasikiliza, maana kusikiliza naweza.

Hasina ameolewa Makorora, mwaka wa nne sasa, na Turki, anayeuza spea za pikipiki mjini. Wanakaa nyumba moja na mama yake Turki, Bi Ghaliya. Ni mjane wa ukoo wa Waarabu wa Omani wenye minazi huko Pongwe, mtu msafi, mkarimu, mwenye huruma, na mdomo wake hauna kifuniko. Sisemi kwa ubaya, nimesoma naye chuo kimoja cha Kurani. Ukimpa siri alfajiri, adhuhuri utaikuta sokoni inakusubiri.

Mimba ya kwanza ya Hasina ilikuwa ya wiki sita Bi Ghaliya alipoitangaza kwenye maulidi. Ya pili aliitangaza harusini, kabla pilau haijapakuliwa. Zote mbili ziliharibika mwezi wa pili. Nesi wa zahanati alimwambia Hasina kuwa mambo hayo hutokea na si kosa la mtu, na Hasina hakuwahi kusema ni kosa la mavyaa wake. Lakini mara hii ya tatu, alipopima mwanzoni mwa Shaabani akaona imo, walikubaliana yeye na Turki: mama asijue mpaka mwezi wa tatu upite. Wiki saba za kunyamaza. Akaona ataweza.

Hakumhesabu Meneja.

Meneja ni mbwa wa Consolata, jirani wa nyuma, Mbondei wa Muheza anayeshona sare za shule. Ukuta baina ya nyua zao uliangushwa na masika, na mpaka leo hawajaelewana nani aujenge. Mbwa mwenyewe ni wa kahawia, sikio moja limelala, na kwa miaka yake yote hakuwahi kuvuka yale matofali, kwa kuwa bakora ya Bi Ghaliya anaifahamu. Alhamisi moja akavuka. Akaja mpaka mlango wa jikoni, Hasina alipokuwa akipaa samaki.

Mtu angesema kafuata samaki. Hasina akamtupia kichwa cha changu ili aondoke nacho, lakini mbwa hakukitazama. Akanyoosha shingo, akanusa gauni hapa kitovuni, akanusa tena taratibu kama mtu anayesoma barua, kisha akajilaza juu ya mguu wake.

Kuanzia siku hiyo hakumwacha. Hasina akienda msalani, Meneja yuko nje ya mlango. Hasina akianika nguo, Meneja yuko chini ya kamba. Turki akirudi kazini, akimnyooshea mkewe mfuko wa ndizi, mbwa ananguruma na manyoya ya mgongo yamemsimama. Turki alibwekewa nyumbani kwao, mbele ya mama yake, na ndizi ikabidi azipitishe dirishani.

Sasa mambo ya mbwa kwetu yanajulikana. Akikulamba, au pua yake mbichi ikakugusa, unaosha mara saba, na moja ya hizo kwa udongo. Chuoni tulifundishwa pia kuwa kikavu kwa kikavu hakina neno, na Bi Ghaliya alikuwepo siku hiyo, alikaa nyuma yangu. Lakini kwake yeye mbwa akipita na upepo ukavuma, mkeka umeshanajisika. Basi ikawa gauni mara saba, kanga mara saba, mkeka, kigoda, vidato vya mlango. Bi Ghaliya alikaa kwenye kiti cha kamba ukumbini akihesabu kwa sauti. Akipita mtu akamsalimu, hesabu humpotea, na wanaanza upya kwenye moja.

Na nesi alishamkataza Hasina kunyanyua ndoo.

Hapo ndipo aliponaswa mtoto wa watu. Akikataa kufua ataulizwa kwa nini. Akisema kwa nini, mimba itakuwa mtaani kabla ya swala ya alasiri. Akinyamaza, abebe ndoo. Nilimuuliza mume wako alikuwa wapi. Alikuwa dukani. Alfajiri kabla ya kutoka alikuwa akijaza pipa na ndoo zote za nyumba, kimyakimya, lakini kwa hesabu za mama yake maji ya ndoo kumi hayafiki adhuhuri, na bomba siku zile lilikuwa linatoa siku moja, linapumzika mbili.

Consolata naye alijitahidi. Alimfunga mbwa kamba, akaitafuna. Alimfunga mnyororo kwenye kigingi, akaking'oa, akaja nacho Makorora nzima ikisikia. Bi Ghaliya akamtumia salamu kwamba mbwa akivuka tena atakwenda kwa mjumbe. Siku ya tano Consolata akaja kumchukua mwenyewe, akamkuta Hasina ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amefumba macho, na Meneja miguuni. Akainama kana kwamba anafungua mnyororo.

"Dada, una mwezi wa ngapi?"

"Wa nini?"

"Hasina, usinifanye mgeni. Huyu alinilalia hivi hivi nilipokuwa na mimba ya Neema. Nilidhani ana minyoo, nikampeleka kwa bwana mifugo. Kumbe mwenye kitu ni mimi."

Akamwambia kuna watu wanasema mwanamke akishika mimba harufu yake hubadilika, na mbwa ndiye wa kwanza kuipata. Yeye hajui, hajasomea, ila Meneja hajawahi kumkosea. Hasina akamwomba kwa Mungu wake anyamaze. Consolata akaapa kwa rozari, kisha akasema, "Lakini mwambie mama. Huyu atakumaliza na ndoo." Hasina akajibu afadhali ndoo kuliko pole za watu.

Mwenyewe niliposikia hayo niliweka ungo chini. Kinachoniudhi si mbwa, mbwa kafanya kazi yake. Bi Ghaliya kazaa watano. Mkaza mwanawe analala saa nne asubuhi juu ya nguo alizozianua. Anaomba vibua vikaangwe uani kwa sababu vinamnukia, yeye aliyekulia Tongoni kwenye vibua. Anatema mate kila akipita kwenye karafuu. Na Bi Ghaliya yote hayo anayaita uvivu, na siku moja akasema huenda mbwa kaleta jini. Mbwa kasoma kwa pua, yeye macho mawili yanamtumbukia kwenye udongo.

Maana huo udongo nao ulikuwa na kisa chake. Aliuagiza kutoka kichuguu cha shambani Pongwe, mweupe, ukachekechwa, ukatiwa kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga. Konzi moja kwa kila kitu kinachofuliwa. Kwa makadirio yake kopo lingefika wiki mbili, na siku ya nne akagonga chini. Akamkemea Hasina kwa ufujaji. Akaagiza mwingine, nao ukapungua. Akamshuku Consolata, ingawa hakuweza kueleza Mkristo ataiba udongo wa kuoshea najisi aende akaoshe nini. Mwishowe akaamua kulinda.

Jumatatu, kama saa nne, hesabu ilikuwa imefika tano, na Hasina hakujibu tena. Bi Ghaliya akaita mara mbili. Akainuka na bakora yake, akapita ukumbi, akatokeza uani.

Mkeka ulikuwa umelala na povu lake. Hasina alikuwa kwenye kigoda, kopo mapajani, vidole viwili mdomoni, na midomo yote myeupe. Meneja alikuwa amelalia mguu wake. Aliinua sikio lile zima, akamtazama Bi Ghaliya, akalishusha.

"Huo ni wa kufulia," Bi Ghaliya akasema.

"Najua, mama."

Bi Ghaliya hakuinua bakora. Hasina anasema aliona macho ya mavyaa wake yakitoka kwenye kopo kwenda mdomoni, kutoka mdomoni kwenda kwa mbwa, kutoka kwa mbwa kuja tumboni, na kila yalipofika palikuwa na kitu kinachomwingia. Akakaa chini, kwenye sakafu yenye maji, na nguo zake safi.

"Nani anajua?"

"Turki. Consolata." Hasina akameza udongo uliokuwa mdomoni. "Na huyu."

"Mimi wa nne."

"Ndiyo, mama."

"Baada ya mbwa."

 Bi Ghaliya akaanza kulia na kusema kwa pamoja: yeye mama wa mume, yeye aliyemchagua Hasina mwenyewe, anafichwa, anawekwa nyuma ya mnyama, amemkosea nini. Alikuwa anakaribia kumtaja marehemu mumewe. Hapo mjukuu wangu, ambaye tangu aolewe hajawahi kumkatisha mtu mzima maneno, akamkatisha.

"Mama, mara ya kwanza walikuja wanawake thelathini na saba kunipa pole. Niliwahesabu. Mara ya pili walizidi. Mimba sina, na chai nawachemshia mimi."

 Hasina anasema hajawahi kumwona Bi Ghaliya vile, mkono uko mdomoni kama mtu aliyeumwa jino. Alipouondoa hakuomba radhi, si mtu wa kuomba radhi. Alimuuliza bado wiki ngapi mwezi wa tatu upite. Hasina akasema tano. Akasema haya. Akachukua kopo, akalifunika, akalirudisha mapajani mwa Hasina, akamwambia akalale. Ndoo akaivuta yeye, akamalizia ya sita na ya saba kwa mikono yake, akihesabu moyoni.

Hasina akaenda chumbani. Meneja akajilaza nje ya kizingiti. Bi Ghaliya alipomaliza mkeka akautandika ukumbini upande wa pili wa mlango ule ule, hatua mbili kutoka kwa mbwa, akakaa. Walitazamana, anasema Hasina, kama mawifi waliorithi nyumba moja.

Haikupita saa nzima akabisha hodi Bi Zuleha, shoga yake wa tangu usichana, amekuja kupanga khitma ya Shaabani. Huyo ndiye yule ambaye Bi Ghaliya akimwambia jambo, haina haja ya kuwaambia wengine. Mlango wa Hasina ulikuwa wazi kidogo, alisikia kila kitu. Alisikia viatu vikisimama.

"Ghaliya, lile ni mbwa?"

"Ni mbwa."

"Ndani?"

"Ukumbini."

Bi Zuleha akamkumbusha kuwa juzi tu alikuwa anakusanya watu waende kwa mjumbe juu ya mbwa huyo huyo. Mume wake Zuleha mwenyewe alishapangwa kuwa shahidi. Kisha akasogeza sauti, akauliza Hasina yuko wapi, mbona haonekani, kuna nini.

Hasina alishika shuka. Anasema alimsikia mavyaa wake akivuta pumzi ile anayoivuta kabla ya kusema jambo zuri. Habari ya mjukuu, miaka minne anaingoja. Imejaa mdomoni kama tonge la moto, na mbele yake yuko mtu wa kuitemea.

"Hasina nimempumzisha, ana kichwa," Bi Ghaliya akasema. "Mbwa nimemwita mimi. Siku hizi kuna wezi."

"Wewe. Umemwita mbwa."

"Mimi."

"Mwaka huu tukija kukuamkia Idi tutakukuta na zizi la nguruwe."

"Mkija mtaona," akasema Bi Ghaliya.

Bi Zuleha alicheka mpaka akakohoa, akasema hili halilali kwake. Kweli, mpaka Turki anarudi kula chakula cha mchana, watu watatu wameshamuuliza njiani kama ni kweli mama yake, binti wa maalim, anafuga mbwa ndani. Turki akaingia amekunja uso. Meneja akamngurumia. Mama yake akamwelekeza barazani kwa kidole, akamwambia sahani yake iko huko, na asiulize kitu. Turki akatazama mlango, akamtazama mama yake, akaelewa. Akaenda kula.

Baadaye Hasina alisikia sahani ikiwekwa chini, kisha benchi la baraza likilia, Turki kajilaza. Halafu Bi Ghaliya akaanza kunong'ona tasbihi, na katikati ya tasbihi akawa anamwambia mbwa asogee, mkia wake usiguse mkeka, yeye hana nguvu ya kufua tena leo. Mbwa hakusogea. Bi Ghaliya akamwambia tena, mara ya tatu akamwambia nusu, na nusu iliyobaki ikageuka kukoroma.

Hasina akalamba udongo uliobaki kwenye kucha, akageukia ukutani, akalala.