Vumbi la Mzee wa Mvua

Eulogia alirudi kutoka soko la Tlacolula na batamzinga aliyekosa mnunuzi, akamfungulia uani, kisha akaingia ndani kuweka shali yake. Mumewe, Tiburcio, alikuwa ameketi kwenye kigoda akingoja kusifiwa. Asubuhi ile watu wa jumba la makumbusho la mjini Oaxaca walikuja San Marcial kuomba vitu vya kale vya kuonyesha, na yeye, mbele ya kijiji kizima, akawa wa kwanza kutoa. Mwaka ule ilikuwa zamu yake kutumikia baraza la kijiji, kazi isiyo na mshahara wala shukrani. Mtu wa baraza asipotangulia yeye, nani atafuata?

"Mzee yuko wapi?" Eulogia aliuliza.

"Mzee gani? Si mimi hapa?"

"Tiburcio, sina utani. Mzee wa Mvua yuko wapi?"

Pembeni, chini ya meza ya watakatifu, palibaki duara jeupe sakafuni. Hapo ndipo alipokaa tangu plau ya ng'ombe ilipomfukua shambani, chungu cha udongo wa kijivu ambacho mbele yake kimefinyangwa mtu aliyekunja miguu, mwenye kilemba kikubwa, hereni kama visahani, na ulimi uliopasuka kama wa nyoka. Wahenga waliwafinyanga hao na kuwaweka makaburini wakae na wafu wao. Kwa nyuma kilikuwa mtungi tu, mdomo wazi juu. Rutilio, mtoto wao wa pekee, alipokuwa mdogo alikuwa akimvika kofia ya baba yake na kumuuliza kama mvua itanyesha.

"Amekwenda mjini," Tiburcio alisema kwa majivuno. "Atakaa ndani ya kioo, na jina la kijiji chetu chini yake. Au ulitaka aendelee kufugia buibui humu?"

"Ulitazama ndani yake?"

"Ndani kuna nini zaidi ya vumbi? Nilikuta tambara umeziba nalo, nikaliacha hivyo hivyo."

Eulogia akakaa chini. Kiti kilikuwepo, lakini alikaa sakafuni, pale pale penye duara, na miguu akainyoosha kama wanawake wanavyokaa wakiwa wamefiwa.

"Lile vumbi ni msalaba wa Rutilio," alisema.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo San Marcial nzima ililijua na hakuna aliyethubutu kumwambia Tiburcio usoni. Rutilio alikwenda kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kutafuta maisha, kama vijana wote. Aliokwenda nao walipiga simu wakisema kwamba jangwani mguu wake ulivimba, wakamwacha kwenye kivuli cha kichaka na maji kidogo, wakaenda kutafuta msaada, na waliporudi hawakumkuta. Basi. Habari ikaishia hapo, na haijapata kuongezewa neno tangu siku ile.

Kwetu mtu akifa, msalaba wa chokaa huchorwa sakafuni pale lilipolala jeneza. Watu husali mbele yake siku tisa. Siku ya tisa msalaba huo huinuliwa, vumbi lake likapelekwa kaburini, na hapo matanga yanakuwa yameanuliwa. Asipoinuliwa, marehemu hazunguki kwingine ila nyumbani, hajui kama ameagwa. Tiburcio alikataa. Wanawake walipokuja na mishumaa na maua ya manjano, aliwarudisha langoni. "Nionyesheni maiti," aliwaambia. "Hakuna maiti, hakuna matanga. Sichinji batamzinga kwa ajili ya mtu aliye hai." Kisha akabeba jembe akahamia kwenye kibanda chake cha shambani mpaka watu walipochoka kumngoja. Kama ukaidi ungekuwa mahindi, Tiburcio angelisha bonde zima. Tangu hapo watu walijifunza kumuulizia Rutilio kama mtu aliyechelewa basi, na baba yake akawajibu kwamba simu za kule ni ghali.

"Ulipokimbilia shambani," Eulogia alisema, "nilimchorea mwenyewe, kule ghalani. Nikasali peke yangu siku zote tisa na mlango nimeufunga, kama mwizi. Nikamwinua. Kaburi la kumpeleka sikuwa nalo. Nikamweka kwa Mzee, maana kazi ya wale ni kukaa na wafu. Kila asubuhi nikiwasha moto nilikuwa namsalimia. Wewe ulidhani mkeo ana wazimu, anaongea na chungu."

Tiburcio alifungua kinywa. Maneno yenyewe yalikuwa tayari, yamezoea njia: mtoto hajafa. Eulogia akainua mkono.

"Usiseme. Leo usiniambie hilo. Ulimnyima msiba wake, nikanyamaza. Sasa umemtoa nje ya nyumba kwa mikono yako. Wewe uliyempeleka ndiye utakayemrudisha. Nataka nimzike, Baba Rutilio. Nimechoka kumficha."

Alikuwa hajamwita Baba Rutilio tangu ile simu.

Tiburcio hakuweza kwenda mjini siku ile wala iliyofuata. Sikukuu ya mtakatifu wa kijiji ilikuwa imekaribia, na mtu wa baraza hawezi kuondoka mishumaa haijanunuliwa na wapiga tarumbeta hawajalishwa. Eulogia alimpa chakula bila neno. Aliweka maharage mezani, akaweka chapati za mahindi zimefunikwa kitambaa, akaenda kukaa uani. Wewe ambaye umewahi kununiwa na mtu mwenye haki unajua chakula cha namna hiyo kinavyoshuka.

Sikukuu ilipokwisha Tiburcio alivaa shati lake la kanisani akapanda basi. Kwenye jumba la makumbusho walimwelekeza chumba cha kazi kilichokuwa nyuma, na ili kufika huko ilibidi apite katikati ya makabati ya vioo. Alikuwa hajapata kuwaona wenzake Mzee wengi hivyo. Walikuwa wameketi safu kwa safu kama wagonjwa wanaongoja daktari, wengine wana uso wa popo, wengine wa chui, wengine wa mtu tu aliyechoka, mikono magotini. Kila mmoja alikuwa na kikaratasi. Tiburcio husoma polepole, lakini yale maneno yalijirudia mno hata akayashika: *mahali alipotoka hapajulikani*. Aliwahi kusikia kwamba kule mpakani nako wamo watu waliookotwa jangwani, walioko makabatini, wana namba, hawajulikani walikotoka. Aliinamisha kichwa akaongeza mwendo.

Aliyempokea alikuwa dada kijana aliyevaa glavu, jina lake Yadira. Mzee wa Mvua alikuwa juu ya meza yake, amelazwa kwenye mto mdogo.

"Karibu, mzee wangu! Umekuja kumwangalia? Mwone alivyopendeza. Hebu tazama hapa kwenye kilemba, rangi nyekundu! Tangu enzi zile bado ipo."

"Amependeza," Tiburcio alisema. "Mwanangu, ndani yake..."

"We acha tu! Ndani kulikuwa kuchafu hakuna mfano. Chokaa, petali za maua, nta ya mishumaa. Vitu vya juzi juzi. Cha kale tunahifadhi hata kama ni punje, lakini vile havikuwa vyake."

"Mmeviweka wapi?"

"Tumemsafisha, mzee wangu. Tumemwosha." Alionyesha sinki ukutani. Kisha tabasamu lake likapungua. "Kwani kulikuwa na kitu?"

Tiburcio alilitazama lile sinki. Lilikuwa sinki la kawaida, jeupe, na tundu lake lina kichujio kidogo cha chuma. Alitamani kutia kidole. Angesema "mwanangu alikuwa humo", na huyu binti, kwa macho yake ya huruma, angeuliza swali moja tu, na swali lile alikuwa amelikimbia miaka yote.

"Chokaa ya mke wangu tu," alisema. "Ya kuchemshia mahindi."

"Jamani! Pole yake mama. Umwambie atusamehe, sawa? Afadhali ni chokaa, ipo tele sokoni."

"Ipo tele," alisema Tiburcio.

Aliagana naye kwa adabu zote, akatoka, akasimama barabarani kama mtu aliyesahau alichotumwa. Yakimwagika hayazoleki, kila mtoto anajua. Lakini atarudi vipi kwa Eulogia mikono mitupu? Ndipo shetani wa waume akamnong'oneza. Sokoni chokaa ipo tele. Akanunua.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alishukia njiapanda akakata kwenda kwenye kibanda cha shambani, kile kile alichokimbilia zamani. Jua lilikuwa bado juu. Nia yake ilikuwa kuitia chokaa kwenye leso, kuifunga na kumpelekea mkewe, yaishe. Akaifungua, akaona kosa lake. Ilikuwa nyeupe mno, safi mno. Vumbi la msalaba lina udongo wa sakafu ndani yake, lina petali na matone ya mshumaa. Eulogia hakuzaliwa jana. Ikambidi aichore kweli kisha aizoe.

Akafagia sakafu. Akachuma maua ya manjano pembeni mwa mahindi. Akainama akamwaga chokaa kwa vidole, shina refu, kisha mikono miwili, akiona haya peke yake kama mtu anayeiba kwake mwenyewe. Akatia maua. Akawasha kipande cha mshumaa akadondosha nta. Kazi ilikuwa nzuri. Akachukua ufagio aikusanye.

Mkono ukakataa. Mtu aliyezaliwa San Marcial hazoi msalaba kama anayezoa takataka. Huanzia kichwani, halafu mkono wa kuume, halafu wa kushoto, miguu, na mwisho kifua, na kabla hujagusa kichwa hutaja jina la yule unayemwinua. Tiburcio alikuwa ameinua misalaba ya majirani wangapi? Alijaribu kuanzia miguuni, ili isihesabiwe. Hakuweza. Akaweka ufagio chini, akapiga magoti, akaweka viganja viwili pande zote za kile kichwa cha chokaa.

"Marehemu," alisema, akaanza upya. "Marehemu Rutilio."

Alilia pale mpaka chokaa iliyokuwa mbele yake ikawa uji. Alilia kwa sauti mbaya, bila mpangilio, kama ng'ombe. Mtoto wake alikuwa amekufa. Alikuwa amekufa na kiu, chini ya kichaka, akimngoja mtu arudi, na baba yake alikuwa hajamlilia hata siku moja.

Alipofika nyumbani alimkuta Eulogia akisaga mahindi kwenye jiwe. Akamwekea leso mbele yake, akasimama. Eulogia akapangusa mikono, akaifungua, akaisogeza puani.

"Chokaa hii ni ya leo," alisema. "Bado inawasha."

Tiburcio alitazama vidole vyake vyenye chokaa.

"Yetu wameimwaga?"

"Wameiosha. Imekwenda na maji."

Eulogia alifumba macho. Uso wake uliuma kuutazama, maana alikuwa amepoteza hata kile kidogo alichokuwa amejiibia. Kisha akafumbua, akaitazama tena leso, akakigusa kwa kidole kibonge cha chokaa kilichogandamana.

"Na hii? Umeichota tu gunia la mtu ukaniletea?"

"Niliichora. Kule kibandani." Akaonyesha kwa kidole upande wa shamba. "Nilitaka kukudanganya, Eulogia. Nikaichora ili nikudanganye. Halafu... nikamwinua. Nilianzia kichwani."

"Ukasema nini?"

Alijaribu kusema, akaketi chini karibu na jiwe la kusagia, mzima mzima, kofia ikaanguka. Eulogia alimtazama mzee huyu ambaye mashavu yake yalikuwa meupe kwa chokaa na machozi. Yeye mwenyewe huzuni yake ilikuwa ya miaka, alikuwa ameizoea, alijua kupika nayo na kwenda nayo sokoni. Ya mumewe ilikuwa mbichi. Akaifunga leso vizuri, akaiweka kwenye meza ya watakatifu. Akachukua shali yake akamfunika mabegani, kama inavyostahili kufanyiwa mfiwa. Halafu akatoka mpaka langoni.

"Obdulia!" alimwita jirani yake, aliyemdhamini Rutilio kwenye ubatizo. "Obdulia, njoo! Na uwaite na wenzako. Waje na mishumaa. Kwetu kuna msiba!"

Obdulia alitoka mbio, mikono imejaa unga wa mahindi.

"Mungu wangu! Nani tena?"

"Rutilio," alisema Eulogia. "Baba yake amepata habari leo."