Boti ya Kinyozi Haihitaji Kitu

Pikapu ilikwisha kuanza kurudi kinyumenyume kutoka uani, sofa imepinduliwa juu yake miguu ikitazama mbingu, na Kinyozi alikuwa akimwelekeza dereva kwa mkono mmoja, kata kushoto, kata kidogo, hapo hapo, kana kwamba mizigo ile ilitoka nyumba nyingine. Dereva alikuwa mwanyumba wake, mume wa dada wa mkewe, mtu mpole ambaye hakupenda kuonekana anamhamisha mke wa mwenzake, kwa hiyo macho yake hayakubanduka kwenye kioo cha pembeni. Mke alikaa dirishani amepakata cherehani. Mkono wa pili wa Kinyozi ulishika simu, maana kundi la Wenye Boti lilikuwa limechangamka tangu asubuhi, na kuna mtu alikuwa ameitaja boti yake.

Mkewe aliiona ile simu. Hakukasirika. Hasira zilimwisha siku bomba la jikoni lilipotoa upepo badala ya maji.

"Baba watoto," alisema, "maji yakirudi, nipigie. Yasiporudi, usinipigie."

"Sawa."

"Na ule mlango wa jikoni unauinua kidogo ndipo unafunga."

"Najua."

Pikapu ikashika barabara. Kinyozi akafunga geti, akasimama palepale akasoma meseji.

Ziwa lilikuwa mwisho wa mtaa, nyuma ya kituo cha mafuta. Mamlaka ya Maji ilifunga malango ya bwawa huko juu ili mashamba makubwa yapate kumwagiliwa, na ziwa likaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, kama mtu anayetoka mkutanoni bila kutaka kusumbua wenzake. Likatoka gatini, likatoka kwenye mabomba, mwishowe likatoka kabisa. Yakabaki matope, nayo yakakauka yakapasuka vipande vipande, majani yakaota kwenye nyufa. Magati yalibaki yamesimama juu kwa miguu yao mirefu. Chini yake boti zililala ubavu. Redioni Mamlaka ilisema ziwa limekufa lenyewe kwa jua, na kwamba hakuna sababu ya kufungulia maji kitu kilichokwisha kufa.

Kundi la Wenye Boti halikufa. Zamani, maji yalipokuwepo, watu walikuwa wanaonana gatini na kwenye simu wanaandika mara moja moja. Sasa waliandika tangu mswaki mpaka shuka. Na kama ilivyo kwa wenye boti wote, shindano kubwa lilikuwa moja: boti ya nani inaelea kwenye maji machache zaidi. Dokta Meno, aliyeng'oa meno katika kliniki ya ghorofani, alisema yake inaelea kwenye maji ya kifundo cha mguu. Mzee Posta, mkuu wa kundi, mstaafu aliyepeleka barua maisha yake yote na hakuamini kitu bila saini, alisema yake inaelea kwenye jasho la nahodha. Mama Plagi, muuza vipuri, alisema wote wawili waongo, maana yeye ndiye aliyewauzia propela baada ya kukwangua mawe.

Boti ya Kinyozi haikuwahi kushinda. Ilikuwa ya mbao nzito, ya marehemu baba yake, na ilitaka maji ya kifuani ndipo iinuke. Kwa miaka mingi walimwita mtu wa vilindini. Asubuhi ile, mkewe akiwa anapakiwa, Dokta alikuwa ameandika kwamba ziwa halikukauka hata kidogo, ni boti ya Kinyozi iliyolinywa.

Kinyozi akacheka peke yake getini. Kisha akaingia ndani kufunga mlango wa jikoni, akauinua kidogo, ukagoma. Akaona aufunge kwa kamba. Kamba nzuri iliyobaki ilikuwa kwenye boti, akashuka gatini na kisu.

Boti haikuwa chini. Ilikuwa usawa wa mbao za gati, pale pale ilipokuwa ikikaa zamani, imefungwa kamba yake, ikipandapanda na kushuka taratibu. Chini yake mbuzi walikuwa wanakula majani ya kwenye nyufa, kivuli cha boti kikiwapitia mgongoni kinakwenda na kurudi. Ubavu wake ulikuwa umelowa mpaka kwenye ule mstari mwekundu aliopaka baba yake.

Kinyozi akaona jambo la kwanza ni kuangalia kama inavuja. Ilikuwa inavuja, mahali pake pa siku zote. Akayachota yale maji kwa kopo, akayamwaga nje. Yakalia chubwi katikati ya hewa, na mbuzi hawakulowa. Akainamisha mkono nje ya boti, hakugusa chochote, mkono ukarudi mkavu. Akawasha injini. Ikakohoa kama mzee aliyeamshwa, ikashika.

Alikwenda mpaka kisiwani, ambapo sasa palikuwa kilima katikati ya matope, akazunguka nyuma yake, akarudi. Akafunga kamba gatini. Mlango wa jikoni ulikaa wazi.

Akaandika kwenye kundi kwamba leo amekwenda mpaka kisiwani na kurudi kwa kidumu kimoja cha petroli.

Hapo mambo yakachafuka. Dokta Meno aliandika kwamba uongo nao una kipimo: injini ile, kwa umri ule, kwa kidumu kimoja haimalizi hata kugeuza. Mwingine alimuuliza kama siku hizi anapaka mafuta ya nywele au anayanywa. Zikamiminwa sura za njano zinazocheka mpaka machozi. Mama Plagi alituma ujumbe wa sauti, akikumbusha kwamba injini hiyo alimwekea plagi mpya kabla ya maji kuondoka, na plagi nzuri hupunguza ulaji, ila si kwa kiasi hicho. Walibishana kuhusu petroli mpaka mchana. Hakuna aliyeuliza alipita juu ya nini.

Mzee Posta ndiye aliyekata shauri. Alikumbusha sheria ya kundi: anayedai safari atume picha ya ubavu wa boti kabla haujakauka.

Kinyozi akaituma. Mstari wa unyevu ulionekana wazi, umenyooka, na tone moja lilikuwa katikati ya kudondoka.

"Umemwagia ndoo," aliandika Mzee Posta.

"Ndoo ya maji nani anayo, Mzee?" aliandika Kinyozi.

Kisha Dokta Meno akasema basi wakaone.

Walikuja Jumapili, wamevaa makoti yao ya kujiokolea yaliyofifia rangi, wakasimama gatini kama watu wanaongoja kivuko. Boti ilikuwa ikielea. Mzee Posta akaizunguka kwa macho, akasema imeinuliwa vizuri. Dokta Meno akaomba kuona kidumu. Mama Plagi peke yake ndiye aliyeingia. Hakutazama chini wala kisiwani. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akaamuru injini iwashwe, akainama kwenye kile kitundu ambacho injini hutemea maji yake ya kujipooza. Kikatema. Akaweka kiganja pale, akasikiliza, kiganja kikalowa maji ya vuguvugu.

"Pampu yako nzima," alisema. "Anasema kweli huyu."

Baada ya neno hilo hakubishiwa tena, isipokuwa kwenye petroli.

Ni Mama Plagi pia aliyewaza mbele. Akiwa bado amekaa kwenye boti, akijifuta mkono kwenye sketi, alisema Mamlaka wanasema ziwa limekufa, sasa waletwe waone boti imeelea. Kitu kilichokufa hakibebi boti. Wakiona kwa macho yao, watakosa pa kukimbilia, watafungua malango. Alimgeukia Kinyozi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hata mkewe atarudi.

Kinyozi alijibu kwamba kweli, atarudi. Aliinua simu akaitazama namba ya mkewe, akairudisha mfukoni. Maji yalikuwa hayajarudi. Yalikuwa yanakuja tu.

Kundi likaiandikia Mamlaka barua, ikajibu kwamba itamtuma mkaguzi, na wiki zilizofuata Kinyozi alikuwa mtu mwingine. Alipokuwa akinyoa watu kwa ukavu, kwa spiriti na mkono mwepesi, alikuwa akijisemea maneno atakayomwambia mkaguzi. Aliyapunguza mpaka yakabaki machache. Ziwa lipo. Boti yangu inataka maji ya kifuani, na kama imeinuka, basi mjue maji ya kifuani ni haki yake. Lini mnafungua? Wateja walimsikia wakasema ndiyo, hivyo hivyo, usiongeze kitu. Alijifunza hata kuuinua mlango wa jikoni mpaka ukafunga.

Mkaguzi alikuja na mabuti ya mpira na futi ya kukunja. Alikuwa mtu wa adabu, aliyesalimia kila mmoja kwa mkono na kuwauliza hali za nyumbani. Kundi zima lilijaa gatini. Aliingia kwenye boti, akazungushwa mpaka kisiwani na kurudi, akasifu upepo. Aliteremsha futi nje ya boti mpaka ikagusa pembe ya mbuzi. Aliutazama mstari wa unyevu. Hakukataa kitu. Alisema anaona boti inaelea, na atasema hivyo atakakokwenda.

Mama Plagi akamkonyeza Kinyozi.

Kisha mkaguzi, akiwa anapanda gatini, aliuliza swali ambalo mtu yeyote huuliza mbele ya boti.

"Na hii inahitaji maji kiasi gani ndipo ielee?"

Kinyozi alikuwa na jibu. Alikuwa amelilea wiki zote hizo kinywani. Lakini Dokta Meno, ambaye hakuweza kusikia swali hilo akanyamaza, alidakia kwamba yake yeye, mheshimiwa, ni kifundo tu. Mzee Posta akasema yake ni jasho. Wengine nao wakaanza, huyu unyayo, yule umande, kila mmoja akimsukuma mwenzake kidogo ili mkaguzi amwone. Na mmoja, kutoka nyuma, akasema kwa kucheka kwamba huyo Kinyozi msimuulize, huyo ni mtu wa vilindini.

Kinyozi aliwatazama. Miaka yote ile ikampanda kifuani.

"Yangu haihitaji kitu," alisema. "Hata tone."

Wenye boti wakapiga kelele za kumpongeza, Mzee Posta akampiga begani, akasema leo umeshinda, bwana, umeshinda. Kinyozi akatabasamu. Tabasamu lilikuwa bado halijakamilika alipomwona Mama Plagi amekaa chini kwenye mbao za gati, ameshika kichwa.

"Hata tone?" aliuliza mkaguzi.

"Ni kwamba," alisema Kinyozi, "ninachotaka kusema ni kwamba ziwa—"

"Nimekuelewa vizuri sana," alisema mkaguzi. Akawashukuru wote, akawapa mkono tena mmoja mmoja, akaenda zake.

Tangazo lilisomwa redioni kabla ya habari za michezo. Mamlaka ilisema imejiridhisha kwamba usafiri wa boti unaendelea bila maji, ikawapongeza wenye boti kwa kuzoea hali mpya, ikaeleza kwamba kwa kuwa maji hayahitajiki huku chini, malango yatabaki yamefungwa na mashamba ya juu yataongezwa. Msomaji hakubadilisha sauti. Kinyozi alikuwa ananyoa kidevu cha mtu. Alimaliza upande uliobaki, akapaka spiriti, akakung'uta kitambaa.

Kwenye kundi Dokta Meno aliandika kwamba hawakusema habari ya petroli.

Mama Plagi alifunga duka la vipuri, akahamia mji wenye barabara kubwa, anauza matairi. Alitoka kwenye kundi bila kuaga, akarudi baada ya muda, hasemi kitu, anasoma tu. Dokta Meno aliiburuta boti yake kwa trekta mpaka kliniki, akaiweka kwenye varanda. Wagonjwa hukaa humo wakisubiri zamu. Mkaguzi alipandishwa cheo, na akionana na mtu wa mji ule huuliza hali za nyumbani. Mzee Posta alifariki. Hakutoka kwenye kundi, na kwa kuwa ndiye mkuu wake hakuna mwenye uwezo wa kumtoa. Bado huandika asubuhi, anataka picha ya ubavu kabla haujakauka. Mbuzi waliongezeka. Mji ulipungua mpaka kituo cha mafuta kikahamishwa, na Kinyozi hufuata petroli kwa miguu.

Mwanyumba alipita siku moja kuchukua kabati lililosahaulika. Alisema shemeji hajambo, anashona sare za shule, nyumba ina mabomba mawili. Tangazo la redioni shemeji naye alilisikia. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, akautia.

Kinyozi bado ananyoa, wateja wachache, wengi wao waliobaki kwa uzee. Jioni jua likipungua ukali hushuka gatini, hukomba maji yaliyovuja, huenda mpaka kisiwani na kurudi. Boti haijawahi kumwangusha. Huenda mpaka pale ukingo wa zamani ulipokuwa, ikifika hapo husimama, haipandi barabara. Akirudi hupiga picha ya ubavu, huituma, na Mzee Posta hujibu kwamba ni ndoo. Kisha hupanda nyumbani, huuinua mlango wa jikoni kidogo, huufunga. Simu huiweka mezani, namba ya mkewe ikiwa juu kabisa. Hampigii, kwa sababu maji hayajarudi.