Zimwi Lisilo na Mdomo

Kazi yangu ni kupiga picha za kutunga: kijana na zimwi analolipenda. Mmoja anasukwa nywele na mzuka, mwingine anafanya hesabu mezani na maiti. Watu wazima hukunja uso. Wakunje tu.

Binti wa kaka yangu alimchagua Kucha, zimwi la kwenye katuni zake: joho jeusi, vidole virefu vya vijiti, uso usio na mdomo.

"Kwa nini huyu?" nilimuuliza.

"Hasemi kitu, shangazi."

Tangu mama yake azikwe, mtoto huyu hakuwahi kulia, wala kumkaribia baba yake. Makaburini kaka alimwambia ajikaze, naye akajikaza moja kwa moja. Kaka alikonda kwa majuto. Kwa hiyo mtu ninayemlipa avae joho la zimwi alipougua, kaka alijitolea kulivaa mwenyewe.

"Hatajua ni mimi. Nimshike tu, hata mara moja."

"Ukifungua domo, nakutoa nje," nilimwambia, maana namjua.

Nilitandika kitanda, nikawasha taa moja pembeni. Binti alijilaza kifuani pa Kucha, kwanza amekakamaa kama yuko kwa daktari wa meno. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Akalia. Alilia kwa sauti, makamasi yakimtoka, amelikumbatia lile joho kwa nguvu zote, na vile vidole vya vijiti vikamzunguka taratibu. Na mimi nililia nyuma ya kamera. Sikupiga hata picha moja.

Lakini mazoea yana taabu. Ndani ya joho ikatoka sauti:

"Basi, mama. Basi. Nyamaza."

Kilio kikakatika palepale. Binti aliketi, akajifuta uso.

"Samahani, baba."

Kaka alivua kinyago. "Lia, mwanangu. Sikuwa na maana hiyo. Lia tu."

"Nimemaliza."

Hakuwa amemaliza, hata kipofu angeona. Nilitamani kumzaba kaka kofi, kisha nikamwonea huruma, na yote mawili hayakusaidia kitu.

"Shangazi, tupige tena," binti alisema. "Ila joho tukivishe kiti."

Tulikivisha kiti, tukajaza mito kifuani. Akaegemea, akafumba macho, akatulia. Machozi hayakurudi. Kaka alisimama katikati ya chumba, fulana imelowa kifuani, akaniuliza ashike nini.

Nikampa taa.