Mpe!

Gari la njano lilikuwa limeshatoka getini na mlango wa abiria bado haujafungwa. Dada mtu kaushika kwa mkono mmoja. Ule mwingine kaubana kifuani, vidole viwili vimevimba na kuwa vyeusi. Mumewe alivibamiza na boneti asubuhi ile, makusudi, kisa chai imepoa.

"Vuta mlango, dada!"

"Nivute kwa meno?"

Kaka yake akainama, akauvuta mwenyewe, akakanyaga mafuta. Alikuwa fundi kwenye gereji ya shemeji yake huyo, na gari hilo la mashindano alilichukua bila kuaga. Shida yake ilikuwa moja tu: kumfikisha dada kwa mama yao, ng'ambo ya daraja. Kule shemeji hakanyagi, wajomba wamejaa.

Barabara kuu mpya ilikuwa haijafunguliwa. Lami tupu, jua linaichemsha, mshale wa spidi umelala upande wa mwisho.

Utotoni, kaka akipigana, dada alikuwa akisimama pembeni na kupiga kelele, "Mpe! Mpe!" Na kaka alikuwa anampa mtu kweli, mpaka meno yanadondoka. Gereji neno hilo lilikuwa na kazi nyingine. Abiria akiona gari la kasi linakuja nyuma, anasema "mpe", na dereva anapisha.

Gari jeusi likatokea kwenye kioo. Simu ikalia, kaka akaweka spika.

"Shemeji, nirudishie mke wangu."

"Mke au ngoma? Maana kutwa unapiga."

"Nitawazika humo humo."

Akawagonga nyuma. Paji la uso la dada likapiga dashibodi, damu ikamwingia machoni. Akawagonga tena, bampa likang'oka, likaserereka likitoa cheche. Kisha akaja ubavuni, mlango kwa mlango, anacheka. Mbele ilikuwa njia ya kuchepuka kwenda darajani. Shemeji akipita pale kwa kasi ile, hageuki leo, nao watachepuka zao.

"Mpe!" dada akapiga kelele. "Mpe!"

Kaka akakata usukani, akampa.

Gari jeusi likapanda ukingo wa zege, likabingirika, likalala chali, magurudumu yanazunguka. Mume alikuwa nusu ndani, nusu kwenye lami.

"Umefanya nini?"

"Si umesema nimpe?"

"Njia! Umpe njia!"

"Njia hukuitaja."

Mume alikufa kabla gari la wagonjwa halijafika. Kaka alifungwa, kila alipoulizwa mahakamani alijibu lile lile, kwamba aliambiwa ampe. Dada alibaki na gereji, na vidole vile havikukunjika tena. Humpelekea kaka yake sabuni gerezani, na habari ya neno lile hawaigusi. Mama alihamia kwake. Barabara ilifunguliwa, na pale kwenye mchepuko wameweka matuta.